Fahamu mjadala wa kuondoa konsoli ya maandishi katika kompyuta za Linux

KOMPYUTA ya mezani imeganda. Taarifa iliyokuwa ikiandaliwa tangu asubuhi bado inaonekana kwenye skrini, lakini kishale hakisogei, kipanya hakiitiki na saa iliyo pembeni imesimama katika dakika ileile. Kwa watumiaji wengi hatua inayofuata ni kubonyeza kitufe cha kuzimia mpaka mashine izimike, na kazi ambayo haijahifadhiwa ipotee. Kwa anayetumia mfumo endeshi wa Linux ipo njia nyingine, ambayo imekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya mfumo huo: kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na F3.

Madirisha yote hutoweka. Mahali pake hutokea skrini nyeusi yenye mistari michache ya herufi nyeupe, ikiomba jina la mtumiaji na neno la siri. Hiyo ndiyo konsoli ya maandishi. Anayeifahamu huingia, huorodhesha programu zinazoendelea, huitambua ile iliyomeza kumbukumbu ya mashine, huisimamisha hiyo peke yake, kisha hurudi kwenye mazingira ya picha na kuikuta taarifa yake kama alivyoiacha.

Si kila mgando hutibika hivyo. Kiini cha mfumo kikiwa kimekwama chenyewe, kinachobaki ni kitufe cha umeme. Lakini pale ambapo kilichokwama ni sehemu ya picha tu, skrini hiyo nyeusi imeokoa kazi za watu wengi, na ndiyo sababu pendekezo la kuiondoa huwagusa mafundi wa Linux kuliko mabadiliko mengine mengi.

Pendekezo lenyewe si geni. Mwaka 2012 msanidi programu David Herrmann alieleza hadharani kwa nini sehemu ya kiini cha Linux inayozalisha konsoli hizo inapaswa kufikia kikomo, akaanza na kuandika programu ya kuchukua nafasi yake. Tangu hapo hoja imeibuka na kutulia mara kadhaa. Kiini kinaendelea kutolewa kikiwa na sehemu hiyo, lakini kipande kimoja kimoja cha kazi zake kimekuwa kikikatwa au kuhamishiwa kwingine, wakati mwingine bila mtumiaji wa kawaida kutambua.

Nini hasa kinachojadiliwa

Linux ni mfumo huria, yaani ule ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Simu za Android huendeshwa juu ya kiini hicho, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani hutumia Linux. Kwenye kompyuta za mezani watumiaji wake ni wachache, na wengi wao huipata kupitia aina zake kama Ubuntu, Debian na Fedora. Ni hao wa mezani ambao mjadala huu unawahusu kwa karibu.

Jambo moja huchanganywa mara kwa mara na linafaa kuwekwa wazi. Ndani ya mazingira ya picha kuna dirisha la amri, ambalo hufunguliwa kama programu nyingine yoyote na ambalo wataalamu hulitumia kila siku. Hilo halimo katika mapendekezo haya. Vilevile wasimamizi wa seva huingia kwenye mashine zao kupitia mtandao, wakiwa mbali, bila kuhitaji skrini iliyounganishwa kwenye mashine yenyewe. Kinachojadiliwa ni kilicho chini ya vyote hivyo: skrini ya maandishi inayochorwa na kiini chenyewe, bila kupitia programu yoyote ya picha, na inayofikiwa kwa Ctrl na Alt pamoja na kimojawapo cha vitufe vya F. Kiini kina uwezo wa kushika konsoli 63 za namna hiyo, ingawa kwa kawaida sita tu ndizo huandaliwa kupokea watumiaji.

Asili yake iko kwenye karatasi. Kabla ya skrini kuenea, watumiaji wa kompyuta walikaa mbele ya mashine za teletipu, zilizounganisha kibodi na kichapishi: swali lililoulizwa na jibu lililotolewa vyote vilipigwa chapa kwenye karatasi ndefu. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika Maabara za Bell nchini Marekani, ulikulia juu ya mashine hizo, na mpaka leo Linux huiita kila konsoli yake kwa herufi tatu, tty, kifupisho cha jina la teletipu. Mwaka 1978 kampuni ya Digital Equipment Corporation ilitoa kifaa cha VT100, chenye skrini ya mistari 24 na nafasi 80 za herufi katika kila mstari. Nafasi hizo 80 ni zilezile za kadi za kutobolewa matundu ambazo kampuni ya IBM ilizileta mwaka 1928. Skrini za kisasa hutoa nafasi zaidi, lakini alama ambazo programu huitumia konsoli ya Linux ili isogeze kishale au ibadilishe rangi ni za ukoo wa VT100.

Mwaka 1991 konsoli haikuwa mlango wa dharura. Ilikuwa nyumba nzima. Mazingira ya picha yalikuja baadaye na kujengwa juu yake.

Hoja za wanaotaka iondolewe

Hoja yao kuu inahusu mahali konsoli ilipo. Kiini cha mfumo endeshi kina mamlaka kamili juu ya kumbukumbu, diski, mtandao na kila kifaa kilichounganishwa. Kosa dogo katika programu ya kawaida huiangusha programu hiyo pekee. Kosa la ukubwa uleule ndani ya kiini linaweza kuiangusha mashine nzima au kumpa mvamizi ufunguo wa kila kitu. Konsoli ya maandishi, licha ya sura yake ya unyonge, ni kiolesura kamili: inasoma kibodi, inatafsiri alama, inachagua maumbo ya herufi na kuyachora, inakunja mistari na kuipandisha. Yote hayo hufanyika ndani ya kiini, kwa msimbo ambao misingi yake iliwekwa katika miaka ya mwanzo ya 1990 na ambao watu wachache sana wanataka kuushughulikia.

Hatari hiyo ilionekana waziwazi mwaka 2020. Iligunduliwa dosari, iliyopewa namba CVE-2020-14390, ambapo kubadilisha ukubwa wa skrini ya konsoli kungeweza kukifanya kiini kiandike nje ya eneo la kumbukumbu lililotengwa. Kiini cha tatizo kilikuwa ule uwezo wa kurudi nyuma na kusoma mistari iliyokwisha kupita juu ya skrini, kwa vitufe vya Shift na PageUp. Torvalds hakuiziba dosari na kuuacha uwezo huo. Septemba mwaka huo aliuondoa wote, akieleza kuwa ulikuwa na manufaa miongo kadhaa iliyopita, wakati konsoli ilipokuwa njia kuu ya kutumia mashine, na kwamba sasa hapakuwa na mtu aliye tayari kupambana na kasoro zake ndogondogo.

Uamuzi huo ulieleweka kwa upande wa usalama, lakini uliacha pengo kwa mafundi. Tangu toleo la 5.9 la kiini, fundi anayetazama ujumbe wa hitilafu ukipita kwa kasi na kutokomea juu ya skrini hawezi tena kuurudisha kwa vitufe viwili. Hulazimika kuusaka katika kumbukumbu za mfumo zilizohifadhiwa kwenye diski, ikiwa diski yenyewe bado inasomeka. Wanaofuatilia mjadala huu wana haki ya kulichukulia tukio hilo kama kielelezo: konsoli haikuondolewa, ila ilipunguziwa manufaa pale pale inapohitajika zaidi, kwa sababu haikuwa na mtunzaji.

Hoja nyingine, inayostahili uzito mkubwa kuliko inaopewa, inahusu herufi. Konsoli ya kiini inaweza kushika maumbo ya herufi 256, au 512 ikifikia ukomo wake. Kwa Kiswahili cha leo, kinachoandikwa kwa alfabeti ya Kilatini, idadi hiyo inatosha na kubaki. Kichina, kinachohitaji maelfu ya alama, hakiwezi kuingia. Kiarabu hakiandikiki humo ipasavyo, kwa kuwa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto na umbo la herufi hubadilika kulingana na mahali ilipo katika neno; na kwa sababu hiyohiyo Kiswahili cha hati za Kiarabu, kilichoandikwa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kushika nafasi, hakina makao humo. Sehemu kubwa ya watu duniani, wakipatwa na hitilafu, husemeshwa na mlango huo wa dharura kwa herufi zisizo zao. Konsoli iliyoandikwa kama programu ya kawaida, nje ya kiini, ingeweza kutumia fonti zilezile za mazingira ya picha na kuondokana na ukomo huo.

Kuna na kero ndogo ambazo mafundi wanazijua. Konsoli ina mpangilio wake wa kibodi, tofauti na ule wa mazingira ya picha. Usipolinganishwa, mtumiaji wa kibodi ya Kifaransa anaweza kuandika neno lake la siri kwa usahihi na bado akakataliwa. Aidha, pale ambapo kompyuta moja inahudumia watu wawili au zaidi, kila mmoja akiwa na skrini na kibodi yake, konsoli hizo hupatikana kwenye kiti cha kwanza pekee.

Upo pia upande wa ulinzi wa taarifa ambao ofisi nyingi hazijaufikiria. Anayefunga skrini yake ya picha kwa neno la siri na kuondoka, huku akiwa ameacha konsoli ya maandishi wazi kwa jina lake, ameacha mlango mmoja umefungwa na mwingine umerudishiwa tu. Kwa sababu hiyo mashine zinazowekwa mahali pa umma, kama vile skrini za kutolea huduma, kwa kawaida huzuiwa kabisa kuhamia kwenye konsoli.

Hoja za wanaoitetea

Wanaoitetea konsoli hawabishi kwamba msimbo wake ni wa zamani. Wanachouliza ni nini kitabaki siku mazingira ya picha yatakapokataa kuwaka. Hali hiyo si ya kufikirika: sasisho la kiendeshi cha kadi ya picha likienda vibaya, mashine huwaka, hupita hatua zote za mwanzo, kisha hubaki na skrini tupu. Konsoli ya kiini ipo tayari mapema sana katika safari hiyo na haihitaji programu nyingine yoyote iwe hai ili ionekane. Programu ya nje ya kiini, hata iwe nzuri namna gani, lazima kwanza isomwe kutoka kwenye diski, ipate fonti zake na ipewe nafasi katika kumbukumbu. Diski ikijaa au kumbukumbu ikimalizika, nayo huwa miongoni mwa waathirika.

Kundi ambalo hasara yake ingekuwa kubwa zaidi, hata hivyo, si mafundi. Ni watumiaji wasioona.

Skrini ya maandishi ni gridi ya herufi. Kila herufi ina mstari wake na nafasi yake, na hakuna kingine cha kukisia. Programu iitwayo BRLTTY huyasoma maandishi hayo moja kwa moja kutoka kwenye konsoli ya kiini na kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu kilicho chini ya vidole vya mtumiaji. Nyingine, Speakup, huishi ndani ya kiini chenyewe na huyageuza maandishi kuwa sauti; mwaka 2020, baada ya miaka mingi katika eneo la majaribio, ilipewa nafasi kamili miongoni mwa sehemu rasmi za kiini. Debian 7 ilipotolewa Mei 2013, miongoni mwa mambo iliyoyatangaza ni kwamba mtu asiyeona na asiye na kifaa cha nukta nundu anaweza kuisakinisha kwa kuongozwa na sauti ya programu. Usakinishaji huo hufanyika katika mazingira ya maandishi.

Katika mazingira ya picha hali ni tofauti. Huko kila programu hutakiwa kujieleza kwa msomaji wa skrini: hiki ni kitufe, hapa pa kujaza jina, hili ni onyo. Msanidi aliyesahau kuandika maelezo hayo humwacha mtumiaji asiyeona mbele ya dirisha bubu. Kazi kubwa imefanywa kurekebisha jambo hilo, na programu ya Orca husaidia wengi, lakini wapo watumiaji wanaoendelea kuipendelea konsoli kwa sababu haina vitu vya kukisia. Sasa, programu mbadala inayochora herufi kama picha haiyaweki maandishi pale ambapo BRLTTY na Speakup huyatafuta. Isipoandaliwa njia mpya ya kuyasoma kabla ya ile ya zamani kuzibwa, mtu ambaye leo anaweza kuikarabati kompyuta yake mwenyewe kwa vidole na masikio atalazimika kumwita mwenye macho. Katika hesabu ya faida na hasara za pendekezo hili, hiyo ndiyo gharama ambayo haiwezi kulipwa kwa fonti nzuri zaidi.

Mbadala umefikia wapi

Herrmann mwenyewe hakuishia kwenye maneno. Programu yake, kmscon, ilitumia njia ya kisasa ya kudhibiti skrini, ambayo ilianza kuingia kwenye kiini mwaka 2009, ili kuendesha konsoli kamili nje ya kiini, yenye uwezo wa kuonyesha lugha nyingi. Mwaka 2014 jaribio jingine la namna hiyo, lililoitwa consoled, liliingizwa katika systemd, mkusanyiko wa programu unaosimamia uwashaji na huduma za mfumo katika aina nyingi za Linux. Mwaka uliofuata liliondolewa na mwanzilishi wake huyohuyo, kwa kuwa lilikuwa limekaa humo bila kukamilika. Mradi wa kmscon ulichukuliwa na wasanidi wengine na bado uko hai.

Historia hiyo huwapa watetezi wa konsoli silaha, na ni silaha ya haki: kubomoa ni kazi ya siku moja, kujenga kumechukua zaidi ya muongo. Lakini ni vema kutazama pia pale palipofanikiwa. Kompyuta zinazotumia ChromeOS ya Google, ambayo nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux, huendeshwa bila konsoli za kiini. Wahandisi wake waliandika programu ndogo ya kuchukua nafasi hiyo. Mamilioni ya watu, wakiwemo wanafunzi, wametumia mashine hizo bila kujua kuwa kuna kilichokosekana. Mfano huo hauwezi kuhamishwa hivi hivi. Mashine ya ChromeOS ikiharibika kwa kiasi kikubwa, hufutwa na kuanzishwa upya, kwa kuwa faili nyingi za mtumiaji ziko kwenye seva za kampuni. Mwenye kompyuta ya kawaida ya Linux mara nyingi ana kila kitu chake kwenye diski iliyo mbele yake, na kwake kufuta na kuanza upya ndilo janga lenyewe.

Mabadiliko yaliyopiga hatua ya kweli hivi karibuni yamekuja kimyakimya. Kwa miaka mingi, kiini kilipopatwa na hitilafu isiyorekebishika wakati mtumiaji yumo katika mazingira ya picha, ujumbe wa kueleza kilichotokea haukuonekana. Skrini iliganda tu, na siri ikabaki ndani. Toleo la 6.10 la kiini, lililotoka Julai 2024, lilileta uwezo wa kuuchora ujumbe huo juu ya skrini bila kutegemea konsoli ya maandishi. Toleo la 6.12, la Novemba mwaka huohuo, likaongeza msimbo wa QR, ili mtumiaji aweze kuyachukua maelezo ya hitilafu kwa simu yake badala ya kuyanakili kwa mkono. Kazi hiyo iliongozwa na msanidi Jocelyn Falempe, na manufaa yake makubwa katika mjadala huu ni kwamba imeondoa mojawapo ya sababu zilizofanya konsoli isiweze kuguswa. Jukumu limehamishwa likiwa zima, na mwenye kunufaika ni mtumiaji wa kawaida ambaye hata hakuijua konsoli.

Huenda huo ndio mwendo unaofaa zaidi kuliko ule wa mwaka 2020, ambapo kilichokuwa na kasoro kiling'olewa kwanza. Majukumu yaliyobaki yanajulikana: kuingia kwenye mashine wakati picha imeshindwa, na kuwahudumia wasioona tangu dakika za mwanzo za kuwaka kwa mashine. La kwanza limekwisha kupata majibu kadhaa ya nusunusu. La pili ndilo lenye kazi kubwa mbele yake.

"Kuondoa" kuna maana zaidi ya moja

Sehemu ya ukali wa mjadala hutokana na neno lenyewe. Kuufuta msimbo wa konsoli kutoka kwenye kiini kungeihusu kila mashine inayotumia Linux duniani. Kuujenga mfumo bila konsoli ni uamuzi wa anayetengeneza aina fulani ya Linux, na umewezekana kwa muda mrefu: kipo chaguo la kuizima wakati wa kuandaa kiini, ingawa limefichwa miongoni mwa machaguo ya wataalamu ili asiye na uhakika asiliguse. Kuiacha konsoli mahali pake, lakini bila kuandaa skrini za kuingilia, ni jambo dogo zaidi, ambalo msimamizi hulifanya kwa kubadilisha mstari mmoja katika faili ya mipangilio na kulirudisha akitaka.

Watumiaji wa siku nyingi wanakumbuka mfano wa mwaka 2009. Hadi wakati huo, kubonyeza Ctrl, Alt na kitufe cha kufutia nyuma kulisimamisha mazingira yote ya picha papo hapo. Wapo waliovibonyeza kwa bahati mbaya na kupoteza kazi zao, hivyo Ubuntu 9.04, iliyotoka Aprili mwaka huo, ilikuja mchanganyiko huo ukiwa umezimwa. Manung'uniko yalikuwa mengi. Lakini uwezo wenyewe haukufutwa; aliyeutaka aliweza kuuwasha tena, na baada ya muda kelele zikatulia. Ni tofauti kubwa na kuamka asubuhi moja na kukuta kitu hakipo.

Kwa anayetumia Linux ofisini au nyumbani, hakuna hatua ya haraka inayotakiwa kutokana na mjadala huu. Lililo na faida ni kuijaribu konsoli siku ambayo mashine ni nzima, baada ya kuhifadhi kazi. Ctrl, Alt na F3 humpeleka mtumiaji huko. Kurudi hutegemea aina na toleo: kwa miaka mingi mazingira ya picha yalikaa kwenye F7, lakini tangu Ubuntu 17.10, ya Oktoba 2017, katika aina hiyo hupatikana kwenye F1 au F2. Aliyeingia kwa jina lake aandike neno exit na kubonyeza kitufe cha Enter kabla ya kurudi, ili asiache mlango wazi. Neno la siri halionekani linapoandikwa, hata kwa nyota, jambo ambalo huwafanya wengi wadhani kibodi imekufa. Na kwenye baadhi ya kompyuta za mpakato, vitufe vya F hufanya kazi hiyo pale tu kitufe cha Fn kinaposhikiliwa navyo.